Mashine ya Petro Maganga, Mkagua Reli wa Kigwa

Wiki iliyopita nilikabidhi funguo za kabati la masikio la hospitali yetu. Kijana aliyezipokea aliniuliza swali moja tu: "Mzee, katika mashine hizi za kusikia, ipi ndiyo nzuri?" Nikamjibu kwamba inategemea sikio, naye akaliandika jibu hilo kwenye daftari kana kwamba nimemwambia neno la maana. Sikumwambia kitu. Jibu lenyewe ni refu na lina mtu ndani yake, ndiyo maana nimeketi kuliandika. Habari za vyeo na mshahara nitaziruka, maana sikumbuki mgonjwa hata mmoja aliyepona kwa sababu mimi nimepandishwa cheo.

Kwanza nikiri jambo ambalo wenzangu wote walilijua na kwa heshima wakalinyamazia. Mimi ni mwoga. Nimefanya udresa, kazi ya kuosha vidonda na kumsaidia daktari, maisha yangu yote kwa hofu, na sehemu kubwa ya hofu hiyo ilikuwa ya masikio. Kidonda unakiona. Jicho unaliona. Sikio ni tundu la giza, unaingiza chuma ndani yake huku mwenyewe amekaa kimya anakuamini, nawe hujui umebakiza kiasi gani kabla hujamharibu.

Nilifika Tabora kwa treni kutoka pwani, Mzaramo wa watu, vita kuu ya pili ikiwa imekwisha karibuni. Wanyamwezi walinipokea kwa matusi. Babu zao walipita kwetu na misafara ya pembe, wakazoeana na babu zetu kwa dhihaka, na utani huo haujafa. Mpaka leo Mnyamwezi na Mzaramo wanaweza kutukanana mbele ya hakimu, na hakimu akakosa la kufanya. Bawabu wa hospitali yetu alilitazama sanduku langu akasema, "Mzaramo, leo umebeba mwenyewe? Si mlizoea kutungoja sisi?" Nikajua nimefika.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bwana Feruzi, Mmanyema wa mtaa wa Ng'ambo, dresa tangu enzi za Wajerumani, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache. Kabati lake la masikio lilikuwa na vitu sita: bomba la shaba la kuoshea, kioo cha mviringo cha kufunga kwenye paji la uso ili kirudishe mwanga wa taa ndani ya sikio, kibakuli cha kukingia maji, koleo nyembamba, vijiti vya kuzungushia pamba, na uma wa chuma wenye meno mawili ambao ukiugonga unalia. Siku ya kwanza alinionyesha namna ya kuosha nta iliyoganda. Maji yawe na joto la mwili, uyajaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono. Sikio ulivute juu na nyuma. Bomba ulielekeze ukutani mwa tundu, kamwe usilielekeze katikati, kwa sababu katikati ndiko ngoma ya sikio iliko.

Siku ya pili nikamwosha askari polisi kwa maji yaliyolala mtungini. Hakuna aliyekuwa ameniambia maji baridi sikioni humfanya mtu nini, ila kweli nilikuwa nimeambiwa yawe ya joto. Macho ya yule askari yakaanza kuchezacheza, akatapika, akaanguka chini na kofia yake. Niliamini nimemuua. Nikakimbia. Bwana Feruzi alinikuta nyuma ya jiko la hospitali nimejikunyata.

"Ameamka, anaulizia kofia yake," akasema. "Dresa asiyeogopa sikio ningemfukuza leo hii. Wewe umezidisha, lakini hilo litarekebishika."

Halikurekebishika.

Nilitoa masikioni mwa watu punje za mtama, choroko, pamba iliyosahauliwa, na mdudu mmoja aliyekuwa bado na uhai na hasira. Niliosha mafuta ya nyoka na maji ya kitunguu ambayo watu walikuwa wamejitilia wenyewe. Sikio linalotoa usaha nilijifunza kulikausha kwa pamba kila siku, bila kulitia kitu kingine, mpaka likome lenyewe. Na nilijifunza kuwatambua wale ambao bomba na pamba haviwasaidii kitu, kama watoto waliotoka kwenye homa ya uti wa mgongo wakiwa hai lakini viziwi. Mama zao walinitazama mikono, kana kwamba dawa imo humo.

Kila mwaka wafanyakazi wa reli waliletwa kupimwa. Karatasi yao ilikuwa na mistari mingi: macho, moyo, ngiri. Mstari mmoja ulisema tu: Anasikia? Ndiyo au hapana. Hapo ndipo nilipokutana na Petro Maganga, na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nimelibeba mpaka leo.

Petro alikuwa mkagua reli wa kipande cha Kigwa kuelekea Goweko. Kazi yake ilikuwa kutembea peke yake juu ya mataruma yanayobeba reli, nyundo begani na spana mkononi, akikaza kila kilicholegea, maili kadhaa kwenda na maili kadhaa kurudi, porini, kila siku ya Mungu. Alikuwa mtu wa makamo, Mkatoliki, mrefu, mpole. Aliingia nami nikamsalimu kama inavyopasa kumsalimu mtu aliyekuzidi umri.

"Shikamoo, Mzee Petro."

"Marahaba, Bwana Dresa."

"Habari za Kigwa?"

"Njema."

"Mama watoto?"

"Hajambo."

"Na watoto?"

"Hawajambo, tunamshukuru Mungu."

"Kazi?"

"Tunakwenda nayo hivyo hivyo."

Nikaandika: Ndiyo. Nikamwita anayefuata.

Litazameni vizuri kosa hilo, ninyi vijana wa kazi hii, kwa sababu bado mnalifanya, nimewaona. Salamu zetu zina mpangilio wake, na mtoto wa miaka mitano anaujua. Midomo ikifunguka mara ya kwanza ni shikamoo, mara ya pili ni habari za utokako, kisha mke, kisha watoto, kisha kazi. Mtu anaweza kuzijibu zote bila kusikia hata moja, na Petro alikuwa akizijibu hivyo kwa miaka. Daktari wetu Mzungu asingeweza kukosea namna ile, maana hakuwa akisalimia vya kutosha.

Baada ya wiki tatu mkewe alikuja. Mama Kulwa alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti iliyokwaruza, na baadaye nilielewa ni kwa nini ilikwaruza.

"Bwana Dresa, ni wewe uliyeandika kwamba mume wangu anasikia?"

"Ndiyo, mama. Anasikia. Tulizungumza vizuri tu."

"Mlizungumza! Juzi ng'ombe wa jirani ameingia jikoni, amevunja chungu changu, mwenzangu amempa mgongo anakula ugali. Nikimwita mpaka nimguse. Huyo ndiye anayesikia?"

Nikainuka. "Sasa hivi yuko wapi?"

"Atakuwa wapi? Yuko relini."

Sikumuaga. Nilitoka mbio na koti langu jeupe mpaka stesheni. Stesheni masta akaniambia treni ya mizigo imeshaondoka Tabora, na itakuwa inakaribia Kigwa. Nikamwambia kuna mtu kiziwi katikati ya reli na mimi ndiye niliyemweka hapo. Alinitazama, kisha akaanza kugonga simu ya waya kwenda Kigwa bila kuniuliza zaidi. Jibu lilichukua saa nzima na zaidi. Nilikaa kwenye benchi la abiria nikimwona Petro kwa mawazo yangu namna ambayo sitaiandika. Nilitunga maneno ya kumwambia Mama Kulwa, nikayafuta, nikatunga mengine. Jibu likaja: Petro Maganga yuko hapa Kigwa, anakunywa maji, anauliza kuna nini. Nililia mbele ya watu.

Kesho yake akaletwa. Bwana Feruzi hakunigombeza. Alisema tu, "Msimamishe akupe mgongo. Rudi hatua tano. Kisha mtukane."

"Nimtukane?"

"Wewe si Mzaramo? Mtukane kwa sauti ya kawaida. Mnyamwezi anayesikia hawezi kukuachia."

Nikamsimamisha Petro akitazama ukuta. Wagonjwa kwenye benchi wakageuka. Nikasema, "Mnyamwezi, babu yako alibeba pembe za watu miezi mitatu mpaka pwani, akarudi na shanga mbili na funza." Benchi zima likacheka. Petro akaendelea kutazama ukuta. Nikasogea hatua mbili, nikarudia. Hakuna. Kicheko kikaisha chenyewe. Nilipofika karibu kabisa na kisogo chake nikarudia mara ya tatu ndipo akageuka taratibu, akatabasamu, akasema, "Marahaba."



Nilimchunguza kwa kioo na taa. Tundu safi, ngoma nzima zote mbili. Nikaugonga ule uma wa chuma gotini kwangu, nikaushika mbele ya sikio, kisha shina lake nikaliegemeza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Ubovu ukiwa kwenye tundu au ngoma, mfupa husikia vizuri kuliko tundu, na hapo kuna matumaini ya dawa. Kwa Petro mfupa ulisikia hafifu, na tundu hafifu vilevile. Ubovu ulikuwa ndani kabisa, kwenye mshipa wa kusikia. Nikamwandikia swali kwenye karatasi, akanieleza: ujana wake aliumalizia kwenye karakana, akiingia ndani ya boila la treni kushikilia misumari huku wenzake wakiigonga kwa nje. Miaka kumi ndani ya ngoma ya chuma.

"Kuna dawa?" akauliza.

Nikatikisa kichwa. Akaushika mkono wangu wa kalamu.

"Usiandike, Bwana Dresa. Nyumba ninayokaa ni ya reli. Watoto wako shule ya misheni. Ukiandika, tunalala wapi?"

Nilimuuliza kwa kalamu amewezaje kubaki hai. Akaniinulia mguu. Alitembea pekupeku. Kila mataruma kumi alisimama, akaweka unyayo juu ya reli, akageuka kutazama nyuma. Treni inapokuja, reli hutetemeka kabla hujaiona, na unyayo huijua. Viatu alivyopewa na reli alivivaa kwenda misa tu.

Daktari alikuwa amerudi kutoka likizo Ulaya na mashine tatu za kusikia, za kwanza mimi kuzitia machoni. Zile hazikuwa kama hizi mlizonazo. Kila moja ilikuwa sanduku la chuma la kuvaa kifuani, lenye tundu la kuingizia sauti, waya unaopanda shingoni, na kizibo cha kuingia sikioni. Betri zake zilikuwa mbili, moja nene na moja bapa, nzito kuliko sanduku lenyewe. Nilipomweleza, daktari alimtoa Petro relini, akamweka kulinda tangi la maji pale stesheni ya Kigwa kwa mwezi mmoja, akaniambia nimtafutie mashine. Mwezi ukiisha nami sijampatia mashine ya kumfanya asikie, karatasi itaandikwa inavyopaswa kuandikwa.

Kati ya zile tatu Petro aliitaka ile kubwa nyeusi, kama kila mtu. Tukamvalisha. Akasikia mtu anakohoa ng'ambo ya uwanja, akacheka kwa furaha kama bwana harusi. Wakati huohuo muuguzi akaangusha kibakuli cha bati sakafuni. Petro aling'oa kile kizibo akashika kichwa kwa mikono miwili, machozi yakamtoka. Sikio la mshipa mbovu lina ajabu yake: sauti ndogo halisikii kabisa, na kubwa ikizidi kidogo tu linaumia. Kwa hiyo kijana wangu mwenye daftari, andika hapa. Usitafute mashine inayopiga kelele kuliko zote. Tafuta ile ambayo mgonjwa anaweza kukurudishia maneno kwa sauti ndogo kabisa, tena maneno asiyoyategemea, akiwa hauoni mdomo wako. Kisha mtoe nje kwenye makelele, uone kama bado anaitaka.

Ile ndogo ilikuwa dhaifu, hakupata neno. Ya kijivu, ya kati, ilimfaa, ila ilipiga mluzi kila alipotafuna. Mluzi ni sauti inayovuja kizibo kisipojaza tundu ikarudi kwenye sanduku. Nikakanda nta ya daktari wa meno, nikaijaza sikioni mwake, nikiwaza kwamba ikikatikia ndani nimekwisha. Haikukatika. Kwa umbo lile tukachongewa kizibo chake mwenyewe, na mluzi ukakoma. Chumbani akanirudishia maneno kumi na saba kati ya ishirini. Bwana Feruzi akasema vizuri. Daktari akasema vizuri. Mimi nikaomba kwenda naye relini, kwa woga tu, wala si kwa akili.

Tulishuka Kigwa asubuhi. Petro alikuja amevaa viatu. "Leo nasikia," akasema, "nivae kama mtu." Nikafurahi kuviona. Nakumbuka kwamba nilifurahi.

Tulitembea mpaka mahali reli inapopinda. Nikamwambia atangulie, nami nitabaki nyuma nimwite ili nijue anasikia kwa umbali gani. Upepo ulikuwa wa mashariki, unampiga kifuani. Alikuwa amefika hatua kama mia nilipomwita. Hakugeuka. Nikaita tena. Alikuwa anatembea kwa raha, hasimami, haweki mguu juu ya reli, haangalii nyuma. Nikageuka mimi, kwa sababu nilisikia kitu kama cherehani. Kiberenge cha mkaguzi, kigari kidogo cha injini ambacho hakimo kwenye ratiba ya mtu, kilikuwa kimetokeza kwenye mpindo.

Nilipiga kelele mpaka koo likapasuka. Nilikimbia. Kiberenge kilinipita, dereva akavuta breki, magurudumu yakilia juu ya chuma, na Petro anatembea tu na nyundo yake begani. Mimi si mtu wa mbio, na sijui hata sasa nilifikaje, maana kilichomwokoa ni breki zaidi ya miguu yangu. Kilikuwa kimebakiza urefu wa mtu mmoja nilipomrukia kutoka ubavuni. Tukabiringika mpaka chini ya tuta. Mkaguzi akashuka akitutukana sote wawili, na hayo hayakuwa ya utani.

Petro alikuwa amekaa kwenye kokoto, mikono imelegea. "Nilikuwa nasikia," akasema. "Nasikia shati langu linasugua. Nasikia upepo. Nikajua nasikia."

Nikaelewa hapo hapo. Sanduku lililo kifuani husikia kilicho mbele ya kifua. Mgongo wake wenyewe ulikuwa ukuta. Na kwa kuwa alikuwa na mashine, aliacha miguu yake na macho yake, vitu ambavyo vilikuwa vimemlinda miaka yote. Mimi, kwa mikono yangu, nilikuwa nimemvua kinga nikamvalisha mapambo. Petro alivua viatu, akavifunga kamba, akavitundika shingoni.

Mtaani Ng'ambo palikuwa na fundi cherehani, Fundi Salumu, aliyeshona matandiko ya punda na makanzu kwa mashine ileile. Nilimweleza, akamshonea Petro mkoba wa kaki wenye mikanda miwili ya begani, sanduku likae mgongoni katikati ya mabega, likielekea nyuma, na juu ya tundu la sauti akaweka kitambaa chepesi cha kuzuia upepo. Tukarudi Kigwa. Safari hii niliweka mtu kwenye mpindo mwenye bendera nyekundu. Nikabaki nyuma hatua kumi, nikasema kwa sauti ya kawaida yale ya babu yake na funza.

Hakugeuka. Aliendelea kutembea. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika mpaka stesheni, "Mzaramo, bila babu yangu babu yako angekufa kwa kula nazi tupu!"

Niliweka saini. Lakini nilimkalisha kwanza nikampa masharti, na masharti yenyewe niliyatunga mimi. Pekupeku kama zamani. Kutazama nyuma kama zamani. Na betri. Tulipewa mbili kwa mwezi kwa kila mashine, na mbili zilitosha saa za relini tu, tena kwa kubana. "Washa relini, zima nyumbani," nikamwambia, nikaandika hivyo kwenye karatasi aibandike ukutani. Akaitikia. Nilipomaliza kuweka saini kalamu ilikuwa imelowa jasho.

Miaka minne na miezi kadhaa niliishi na saini hiyo. Treni ikipiga honi kuelekea mashariki nilisimamisha kazi, hata kama sindano iko mkononi. Tarishi wa stesheni akipita getini nilimtazama uso kwanza, mikono baadaye. Bwana Feruzi alistaafu, akafariki, nikarithi kabati, na hofu ilibaki palepale. Kila miezi mitatu Petro alikuja kupimwa, akapita vizuri. Betri zake hazikuwahi kuisha kabla ya mwezi, na nikawa namsifu mbele ya wagonjwa wengine: mwigeni Mzee Petro wa Kigwa, anajua kutunza.

Kisha reli ikamstaafisha, mzima, viungo vyote mahali pake. Akaja kurudisha mashine, mali ya serikali, amefuatana na mkewe. Mama Kulwa aliweka mezani kibuyu cha asali. Niliishangaa sauti yake. Ilikuwa laini, haikwaruzi tena.

"Hii ni yako, Bwana Dresa. Kwa zile betri za nyumbani."

"Betri zipi za nyumbani, mama?"

"Zile ulizokuwa ukimwongezea. Za jioni. Nilikuwa nimechoka kupiga kelele, nilishaacha kusema naye, ila kumwita tu. Miaka mitatu ndani ya nyumba moja, tunaonyeshana sahani kwa vidole. Ukatuongezea betri, tukaanza kuongea. Mungu akulipe."

Nilimtazama Petro. Mashine ilikuwa kifuani pake, si mgongoni, inawaka, na alikuwa amesikia kila neno. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekamatwa.

"Mzee Petro," nikasema. "Relini ulikuwa unaiwasha?"

"Siku za kupimwa."

"Na siku nyingine?"

"Betri ni mbili tu, Bwana Dresa. Hazitoshi huku na huku." Akaishika mashine kifuani. "Relini nilikuwa naweza kugeuka nikatazama. Nyumbani nilikuwa nageuka, namwona anafumba mdomo."

Nikakaa. Miaka minne nilikuwa nimeogopa kwamba mashine yangu itamwangusha siku moja, kumbe relini hakuwa nayo. Nilimuuliza swali ambalo sikutaka kujua jibu lake: treni ngapi zilimkosa kidogo? Alimtazama mkewe kwa pembe ya jicho, akainua vidole vinne chini ya ukingo wa meza, ambapo alidhani mkewe hawezi kuviona.

Kisha akavua waya, akatoa kizibo, akalilaza sanduku mezani mbele yangu kwa adabu, kazi imekwisha.

Mama Kulwa alikuwa ameviona. Alikwenda chini sakafuni taratibu, akajifunika uso kwa kanga.

"Ningenyamaza," akasema. "Baba Kulwa, ningejua, ningenyamaza tu."

Petro hakusikia. Alimtazama mkewe pale chini, akanitazama mimi, tena mkewe, akingoja mtu amwambie kilichosemwa. Mimi ni mwoga, nimeshasema, na ile ilikuwa mali ya serikali. Hata hivyo nililichukua sanduku, nikalirudisha upande wake wa meza, nikafungua kabati nikatoa betri zote zilizokuwamo, nikazipanga mbele yake.